Baba Pacha Alipovamia Anga la Kunguru

Sogeeni, enyi mlioketi vitini, na ninyi mliokosa viti sogeeni zaidi, maana habari hii inawahusu! Zimeni redio, mwacheni jirani agonge geti hadi achoke, msikie vita vilivyopiganwa juu ya uwanja wa shule baina ya Baba Pacha, fundi friji, simba wa bisibisi, sultani wa gundi, na taifa jeusi la kunguru.

Kwa miezi mitano shujaa huyo alikuwa ameikalia meza ya kulia kama jemadari aliyeteka mji. Palipokuwa na sahani palitanda nyaya, betri na yale mapande meupe mepesi yanayofungiwa friji mpya, aliyoyachonga yakawa mbawa za ndege ya rimoti. Mkewe, Mama Pacha, malkia aliyepinduliwa, alikula bakuli likiwa mapajani. Pacha wao walikula sakafuni, mmoja ana gundi nyweleni.

"Baba Pacha, meza yangu," alisema kila jioni.

"Mke wangu, historia haiharakishwi."

"Historia ina miguu minne, na niliichagua mimi dukani."

Ndipo yakafanyika mapatano makuu, jikoni, sufuria zikiwa mashahidi. Ndege ikizunguka uwanja mara tatu na kutua nzima, meza ni ya Baba Pacha hadi mwaka uishe. Ikianguka, meza inarudi kwa mwenyewe jioni hiyohiyo.

Lakini mkaratusi wa uwanjani ulikuwa ngome ya kunguru, na shujaa alilijua hilo. Akawaza, akajikuna, akaangaziwa na hekima: akaipaka ndege rangi ya mwewe. Mgongo wa kahawia, macho makali, na kucha chini ya tumbo, alizozichora kwa siku nzima huku bomba la bafuni likivuja bila msaada.

"Tazama!" akanena. "Kunguru wakimwona huyu watatawanyika kama wapangaji waliomwona mwenye nyumba!"

"Mwewe akipita hapa, kunguru wanamfukuza mpaka anaomba njia," alisema Mama Pacha. "Nawaona kila nikianika nguo."

"Hao ni kunguru wa hapa nyumbani. Wa uwanjani wana adabu."

Jumamosi ikafika. Baba Pacha akasimama katikati ya uwanja, rimoti kifuani kama ngao, na ndege ikapaa ikinguruma kama nzi ndani ya chupa. Mzunguko wa kwanza, anga likanyamaza. Baba Pacha akainua kidevu. Mama Pacha akaiaga meza yake kimoyomoyo.

Mzunguko wa pili, kunguru mmoja akatoa kichwa majanini, akamtazama mwewe yule, akalia mara moja. Loo! Mkaratusi mzima ukamwagika! Hawakutawanyika. Waliitana, wakaja na shemeji zao na wakwe zao, wakaizingira ndege juu, chini na ubavuni, na mmoja mwenye kifua kama bondia akang'oa kipande cha mkia.

Mama Pacha alikuwa amekuja kushangilia anguko. Lakini alipouona mkia ule ukipeperuka, akamwona na mumewe, jasho likimchuruzika, midomo ikimcheza, moyo ukamlainika ghafla.

"Ishushe!" akapiga kelele. "Ishushe ingali nzima!"

"Bado mzunguko mmoja!"

"Baba Pacha, ishushe, nakupa nusu meza!"

Nusu meza! Ni wafalme wangapi waliopewa amani ya namna hiyo? Lakini shujaa alivimba shingo, akajibu mbele ya uwanja wote:

"Mimi sigawani meza na mtu!"

Akasukuma rimoti. Bondia akashuka kutoka juu kama jiwe. Bawa la kushoto likaenda zake, ndege ikapinduka, ikabiringika hewani, ikatumbukia wavuni.

"Goli!" wakashangilia pacha.

Jioni ile meza ilisuguliwa kwa sabuni na kisu, mpaka tone la mwisho la gundi likasalimu amri. Mama Pacha akaweka sahani nne. Baba Pacha alisimama mlangoni, mkononi ameshika kipande cha tumbo chenye ukucha mmoja wa mwewe, uliobaki mzima.

"Ile nusu meza..." alianza.

"Hiyo ilikuwa bei ya angani," alisema Mama Pacha, akimsogezea kiti kwa mguu. "Huku chini nakupa kiti."

Akaketi. Basi na ikumbukwe na vizazi vyote: jioni hiyo watu wanne wa nyumba moja walikula mezani, viwiko vikigongana, na hakuna aliyetafuna gundi.