Chupa Yangu Katika Posa ya Dandora

Marafiki zangu,

Leo nimejifedhehesha mbele ya ukoo mzima, tena ukoo usio wangu. Nawaandikieni nyote watatu barua moja, kwa karatasi ya kaboni, kwa sababu aibu hii sina nguvu ya kuisimulia mara tatu.

Mnajua kwamba naumwa kifua. (Wawili kati yenu mnajua. Wa tatu, niwie radhi, ndiyo unajua sasa.) Miezi mitatu iliyopita nilikubaliwa katika majaribio ya dawa mpya, kwenye hospitali iliyo upande wa pili wa jiji. Madaktari wanatumaini kwamba dawa hii itaponya kwa miezi michache kile ambacho dawa za zamani hukiponya kwa muda mrefu mno. Masharti ni haya: kila Jumamosi ufike kabla ya saa nne asubuhi, hujala kitu, ukiwa na mkojo wako wa alfajiri katika chupa safi. Ukikosa Jumamosi moja, unaonywa. Ukikosa ya pili, jina lako linafutwa na nafasi yako anapewa mwingine.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukosa moja.

Hapo mwanzoni watu wa Eastlands tulikuwa tukifutwa kama maandishi ya ubaoni. Si kwamba hatukutaka kupona. Mtu anayetoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu, kifua kikimwaka, hafiki saa nne. Basi nikamwandikia daktari mkuu (kurasa nne, aya zenye nambari, mnanijua) nikamweleza kwamba wagonjwa wetu hawakosi nia, wanakosa gari. Akakubali. Ikapatikana Kombi ya rangi ya maziwa, inayotuchukua vituoni na kuturudisha. Tangu ije, sijasikia aliyefutwa.

Katika barua ileile niliongeza ombi moja. Niliomba gari lisiandikwe neno lolote ubavuni, ili majirani wasijue tunapelekwa wapi. Nilijiona mwerevu sana.

Humo ndani tumejizoesha kimya. Tunapanda, tunatazama dirishani, tunashuka. Hakuna anayeuliza jina, maana jina likijulikana, ugonjwa nao unajulikana. Madereva hubadilishwa kila mara. Tangu Kombi ije nimekaa bega kwa bega na mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu, na sijui hata anaitwa nani.

Jambo la mwisho, kisha niingie katika balaa lenyewe. Dawa hii hugeuza mkojo ukawa na rangi ya machungwa. Rangi kali, yenye kung'aa, ya kupendeza hata. Nayo chupa yangu ya leo ilikuwa chupa ndogo ya jusi, ile ya kukoroga na maji. Niliiosha vizuri. Lebo ilikataa kubanduka.

Saa moja na nusu nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha petroli hapa karibu na Jericho, koti la kijivu, miwani, mfuko wa khaki mkononi. Kombi ya rangi ya maziwa ikasimama mbele yangu.

"Buda, panda haraka, tumechelewa!" dereva akasema.

Nikapanda. Ndani mlikuwa na watu sita, wote sura ngeni. Wagonjwa wapya, nikawaza. Barua yangu imefanya kazi! Kiti cha mbele alikaa mama mmoja mwenye kilemba cha buluu, amepakata kikapu kikubwa. Nikamdhania muuguzi.

"Umekuja na kitu?" akaniuliza.

"Nimekuja nacho."

"Kitie humu."

Nikatia mfuko wangu kikapuni.

"Umekula?"

"Sijala tangu jana, kama ilivyoagizwa."

"Mnaona mtu wa adabu!" akawaambia wenzake. "Tulia baba, huko tunakokwenda utakula mpaka ukatae."

Nikafikiri kwamba hospitali imeboresha huduma.

Gari halikuelekea mjini. Lilishika barabara ya Outering. Nikajiambia kwamba tunawafuata wengine Kariobangi. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba watu hawa walikuwa wakizungumza. Wakitaniana! Mmoja alisogea ili nikae dirishani. Mwingine aliniuliza kama magoti yangu yana nafasi. Nilikuwa nimesahau kwamba magoti yangu yanaweza kumhusu mtu.

Ndipo mzee mmoja, Mzee Barasa, alipokohoa na kusema:

"Sasa sikilizeni. Sisi ni upande wa kijana. Msemaji ni mimi. Karani atasimama mara moja tu, aeleze kwamba Wekesa ana kazi na ana tabia njema, kwa vile wanafanya kazi pamoja kiwandani. Babake msichana amesema hataki sifa kutoka kwa ndugu peke yao. Anataka shahidi."

Wote wakanigeukia, wakatabasamu.

Nikaelewa. Watu hawa walikuwa wanapeleka posa Dandora. Wekesa mwenyewe, kwa desturi yao, alikuwa amebaki nyumbani, na kwa hiyo garini hamkuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona karani wake. Waliambiwa tu: mtu wa koti na miwani, kituo cha petroli.

Nilipaswa kusema "Nishusheni" palepale. Mabasi ya kurudi yalikuwapo na muda ulitosha. Kwa kweli nilifungua mdomo. Wakati huohuo yule mama wa kilemba, ambaye ni shangazi yake Wekesa na anaitwa Nekesa, akageuka akanitupia leso yake mabegani.

"Jifunike. Dirisha hilo lina upepo. Karani wetu asije akashikwa na homa."

Wetu, alisema.

Mke wangu alirudi kwao mwaka juzi. Hatukugombana, tulinyamaziana tu, mpaka siku moja akanyamazia kwao. Tangu hapo hakuna aliyenifunika kitu chochote. Nikafunga mdomo. Nikajiambia: dakika kumi tu, kisha nitasema. (Mtu mzima, shahada ya chuo kikuu, anahatarisha uzima wake kwa ajili ya leso!)

Dakika kumi zikapita. Tukafika Dandora.

Nyumba ilikuwa mpya, sebule imejaa viti vya kuazima na vitambaa vya kufumwa. Harufu ya chapati ilitoka jikoni ikanipiga tumboni kama ngumi. Wanawake wa nyumba hiyo walimpokea Shangazi Nekesa kikapu, pamoja na sukari, majani ya chai, mikate na chupa yangu, wakaenda nacho jikoni. Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka kabisa. Nilikuwa nimeshikwa mkono na kukalishwa karibu na Baba Nafula, babake msichana, na nilikuwa nikiulizwa kama nimelala vizuri.

Mzee Barasa alisema maneno yake ya kubisha hodi. Kisha akaniita.

Nikasimama. Ningeweza kuungama hata hapo. Badala yake nikasema:

"Wekesa nimefanya naye kazi miaka minne. Hufika wa kwanza, hutoka wa mwisho. Si mtu wa makelele. Na mwenzake akiugua, haulizi ni ugonjwa gani. Huenda akakaa naye."

Sijui maneno hayo ya mwisho yalitoka wapi. (Najua.)

Chumba kizima kiliguna kwa kuridhika. Mama mmoja alipangusa macho.

"Shahidi huyu anasema kama mtu anayempenda kijana," Baba Nafula akasema. "Haya, leteni vinywaji!"

Nafula mwenyewe akaingia, ameinamisha macho, na sinia mikononi. Juu ya sinia palikuwa na glasi na jagi la kioo. Ndani ya jagi, rangi ya machungwa. Rangi kali, yenye kung'aa.

Moyo wangu ulikwenda jikoni ukarudi.

Glasi ya kwanza akapewa Baba Nafula, kama ilivyo heshima. Akaiinua.

"Baba, usinywe!" nikapiga kelele.

Mkono ukasimama hewani. "Kwa nini, karani?"

"Hiyo... hiyo ni yangu."

"Najua mmeileta nyinyi. Asanteni. Tutakunywa pamoja."

"Hapana! Usinywe!"

"Ina sumu?" akauliza Mzee Barasa, akisimama.

"Haina sumu!"

"Basi ina nini?"

Watu ishirini hivi walikuwa wakinitazama. Nilitafuta neno la kistaarabu. Mimi, ambaye riziki yangu ni kusahihisha maneno ya wengine, sikulipata.

"Ni mkojo wangu."

 Kisha sauti ya Mama Nafula kutoka jikoni, imejaa uchungu:

"Na nimetia sukari!"

Baba Nafula aliiweka glasi mezani polepole, kama mtu anayeweka yai. Ikabidi nieleze yote: chupa, dawa, rangi, Kombi. Niliposema "kifua," viti vilisogea. Bibi mmoja alifunika pua kwa leso. Nikasema daktari amethibitisha kwamba siambukizi tena. Huo ni ukweli, lakini haumsaidii sana mtu ambaye mkojo wake uko mezani.

"Umetuharibia posa!" Mzee Barasa akanguruma. "Na karani wetu yuko wapi?"

"Nadhani bado amesimama kwenye kituo cha petroli."

Baba Nafula hakunguruma. Aliniuliza kwa utulivu, na utulivu huo ndio ulioniumiza:

"Kwa hiyo Wekesa humjui?"

"Sijawahi kumwona, baba."

"Sasa yule uliyekuwa ukimsifu ni nani?"

Nikatazama ile glasi mezani.

Shangazi Nekesa akaingilia kati.

"Daftari lako la hospitali wanalifunga saa ngapi?"

"Saa nne. Nikikosa leo, wananifuta."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

"Ndugu yangu alikuwa akitoka Mukuru kwa miguu kwenda kuchukua dawa ya kifua," akasema, bila kumtazama mtu. "Siku moja akachoka, akasema atakwenda kesho. Kesho ikawa wiki. Tulimzika. Siku hizo hatukuwa na gari. Leo gari tumelikodi mpaka jioni, liko hapo nje limelala." Akapaza sauti. "Dereva! Mpeleke huyu kwa daktari wake, kisha utuletee karani wa kweli!"

Nilitaka kumshukuru. Akanyoosha mkono.

"Leso yangu iache."

Nikaiacha.

Mama Nafula aliniletea chupa, ameishika shingoni kwa vidole viwili. Nusu ilikuwa imebaki. Chapati sikupewa. (Sikuuliza.)

Dereva aliendesha kama anayekimbiza mwizi. Katika safari yote aliniambia sentensi moja tu: "Buda, hiyo chupa, ishikilie huko dirishani."

Tulifika saa nne na dakika tano. Barazani walikuwa wamekaa wenzangu wote wa Jumamosi, kimya kama kawaida. Sista, muuguzi anayeshika daftari letu, alikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na jina langu lilikuwa limekwisha kupigwa mstari.

"Kombi ilikungoja pale dakika kumi," akasema.

"Nilikuwa nimepanda nyingine."

"Nyingine ipi? Na hii chupa mbona ni nusu?"

Nikamwomba tuingie ndani nimweleze. Akasema yeye amefunga daftari, kama nina la kusema niliseme hapo nilipo. Basi nikasimulia kwa mara ya pili, mbele ya benchi zima, kuanzia kituo cha petroli hadi kwenye sukari. Nilijaribu kusimulia kwa ufupi. Sista aliuma midomo. Yule mwanamume wa kofia ya sufu alicheka mpaka akapaliwa na kikohozi, na alipopata pumzi akaniuliza:

"Waliongeza maji mangapi?"

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia kwa miezi mitatu.

Sista aliandika jina langu upya, juu ya ule mstari mwekundu, na pembeni akaandika: onyo la mwisho. Chupa aliimwaga, nikapewa nyingine nianze tena, na mtu asiyekunywa hata maji tangu jana hujifunza subira. Daktari alipopewa habari alitoka kunitazama, akasema kuanzia wiki ijayo Kombi itabandikwa namba kubwa mlangoni, namba tu, bila maneno, ili hata mwenye miwani aione. Sikupinga.

Tulirudi kwa Kombi yetu halali. Nilidhani labda leo tutazungumza. Mwenye kofia alikaa karibu nami, akitabasamu peke yake. Nilikwisha kulitayarisha swali: unaitwa nani, ndugu? Nikalipanga vizuri, nikalisahihisha, nikalipanga tena. Alishuka Muthurwa kabla sijalimaliza. Nikatazama dirishani.

Sasa ni jioni. Nimekula mkate na chai. Sijui kama posa ilikubaliwa, wala sina njia ya kujua. Natumaini karani wa kweli alimtetea kijana vizuri, ingawa nina mashaka kama alimsifu kunizidi.

Nawaombeni msicheke. Mkishindwa kabisa, chekeni kwa maandishi, kurasa mbili au zaidi kila mmoja, mkazitie posta Jumatatu. Mimi nitazisoma zote.