Bonasi kwa Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Akili ni mali! Kasino ya mtandaoni inampa kila mteja mpya bonasi: weka pesa, nao wanakuongezea kiasi kile kile. Nimeweka pesa za kochi. Mke wangu hajui, na ya nini kumsumbua? Kochi litakuwepo Jumamosi mama yake akifika. Tena la watu watatu! Bonasi ya jina langu niliila zamani, ya mke wangu pia, kwa hiyo nimejiandikisha kwa jina la mama mkwe. Nakala ya kitambulisho chake ninayo tangu nimsajilie laini ya simu. Mchezo ni karata za ishirini na moja: ukizidisha hapo, umeliwa. Jedwali la lini uongeze karata na lini utulie nimelibandika kwenye kioo, hapa kinyozini kwangu. Mteja kauliza kama ndiyo bei mpya.

Jumanne, 5 Machi
Nashinda! Haba na haba. Dau dogo lile lile, kosa hakuna. Nimemwambia mke wangu achague rangi. Kataka kahawia. Raha iliyoje kuwa mume wa maana!

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Kucheza ruksa, kutoa pesa hapana. Mhudumu wa kasino, binti mpole kama muuguzi mwenye sindano, kaandika kwamba akaunti inachunguzwa. Eti wateja wa kawaida hukosea, hukasirika, hupandisha dau. Huyu bibi hakosei, hakasiriki, na dau lake halipandi hata akipigwa mara tano mfululizo. Yaani nimekamatwa kwa kuwa na adabu!

Alhamisi, 7 Machi
Wanamtaka mjinga? Watampata. Nina ishirini mkononi, naongeza karata! Nimecheza hivyo mchana kutwa, mteja kakaa na nusu kichwa. Ushindi wote umekwenda na maji. Hakuna aliyenionya kwamba ujinga ni ghali. Lakini sasa naonekana mtu wa kawaida.

Ijumaa, 8 Machi
Binti kaandika kwamba mchezo wa jana umewashangaza zaidi. Kesho mwenye akaunti ajitokeze kwenye kamera. Nimejaribu kitambaa cha kichwa cha mke wangu mbele ya kioo. Ndevu zimenisaliti.

Jumamosi, 9 Machi
Kochi hakuna. Nimebeba kiti cha kinyozi hadi sebuleni, nikamkalisha mama mkwe. Kafurahi, kazunguka nacho. Simu ikaita. Nikamshikisha, nikamwomba aseme ndiyo kwa kila swali, nikajificha nyuma ya pazia. Kaulizwa kama yeye ndiye mcheza karata. Kajibu kwamba hajawahi kushika karata, ila yule mkwe wake mwenye miguu chini ya pazia huenda anajua. Aibu! Akaunti imefungwa. Pesa niliyoweka inarudishwa, lakini kwa mwenye jina. Mama mkwe kashukuru, kasema atanunua kochi. Lake, kwake. Mke wangu kasema za mwizi ni arobaini, mimi sikufikisha hata saba.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu hasemi nami. Imeniuma, kweli. Nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona: nilimchagua mkweli. Kuna kasino mpya, bonasi mara mbili! Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwongo wa kuaminika, kuomba kitambulisho. Kasikitika. Huko ameshafungiwa, kwa jina lake na kwa jina langu. Mhuni mkubwa! Watu hawana haya siku hizi.
Kesho naenda kumsalimia baba mkwe.