Gari la Wagonjwa Lililonitangulia Barabarani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika. Waheshimiwa maafisa wa jeshi la nchi kavu, la anga, na lile la majini ambalo lingali linatafuta mashua. Waheshimiwa mashehe, mapadri na machifu. Waheshimiwa wake wa maafisa, kwa kufuata vyeo vya waume zao. Na ninyi wananchi wa Kisugu mliokuja kwa hiari yenu mkisindikizwa na askari: mimi, Meja Swadiki Adiga, Mkurugenzi Mkuu wa Oparesheni Uharaka wa Wagonjwa, nawasalimu. (Makofi. Askari wanawaangalia wasiopiga.)

Leo, katika mwaka huu wa sabini na tano, nazindua gari la kwanza la wagonjwa la mtaa huu, ambalo kwa mujibu wa ripoti ya kamati ndogo iliyoteuliwa na kamati kubwa, na mwenyekiti wa zote mbili ni mimi, litapunguza vifo kwa asilimia mia moja na kumi, maana hata waliokwisha kufa watajuta kwamba waliharakisha. (Kicheko. Kinakatika ghafla, kwa sababu Meja hakucheka.)

Najua mnajiuliza gari liko wapi. Ni swali zuri, na aliyeliuliza kwa sauti ameshapelekwa kujibiwa. Ninyi wengine nitawajibu kwa hesabu. Gari liliondoka Entebbe saa mbili kamili, likienda maili thelathini kwa saa. Mimi niliondoka pale pale dakika ishirini baadaye, katika landrova yangu hii mpya mnayoiona imeziba barabara, yenye kitanda nyuma kwa mapumziko ya kikazi, nikienda maili arobaini kwa saa. Tayari lilikuwa limenitangulia maili kumi. Sasa asiyesoma atagawanya kumi kwa arobaini, akisahau kwamba nalo linakimbia, haliningoji! Toa thelathini katika arobaini, unapata kumi: hiyo ndiyo sipidi yangu ya kulisogelea. Maili kumi za kufidia, kwa sipidi ya kumi, ni saa moja nzima, na kwa saa moja mimi ningekuwa maili arobaini kutoka Entebbe. Lakini kutoka Entebbe mpaka hapa ni maili ishirini na kitu tu! Kwa hiyo sikulipita njiani. Kama sikulipita, liko mbele yangu. Na kama liko mbele yangu, basi lipo! (Makofi marefu. Mwalimu mmoja anafumba macho.)

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Afande, utusaidie!")

Nani huyo? Ah, Mama Kahambu, muuza samaki wa chumvi. Sema, mama, lakini kwa ufupi. Hotuba ni yangu.

("Afande, mutoto wangu Kavugho iko na uchungu ya kuzaa tangu asubuhi. Iko ndani ya teksi ya Kakule, pale nyuma ya landrova yako. Utupe njia tu, tupande hospitali kule Kibuli. Naogopa atanifia!")

Pole sana, mama. Lakini wewe umetoka Zaire, hujui itifaki ya barabara zetu. Gari la raia halipiti gari la afisa, hata gari la afisa likiwa limesimama. Hasa likiwa limesimama! Dereva wa basi la Kyebando alinipita mwezi uliopita, na sasa anajifunza kutembea upya. Tulia. Gari la wagonjwa likigundua kwamba limenitangulia litaona aibu, litarudi, na kwa kuwa mimi nimesimama, sipidi yetu ya kukutana ni ile yake nzima. Mwambie binti azuie kidogo.

("Uchungu haizuiwi, afande!")

Basi tukokotoe. Mtoto anakuja kwa sipidi gani? (Mama Kahambu anampa mgongo, anarudi kwenye teksi.) Mnaona? Hakuna takwimu, na serikali haiwezi kufanya kazi bila takwimu! Naagiza mtoto huyo asitoke kabla ya utepe kukatwa. (Akina mama wanaondoka mmoja mmoja kuelekea kwenye teksi, wakifungua leso zao.) Akina mama, rudini! Askari, wazuieni! (Askari wanatazama viatu vyao.) Nilikuwa nasema kwamba katika awamu ya pili tutakuwa na magari arobaini, katika awamu ya tatu ndege, na katika awamu ya nne mgonjwa atafikishwa hospitali kabla hajaugua...

(Kilio cha mtoto mchanga. Vigelegele.)

Nani analia bila ruhusa? (Koplo Ochan, dereva wake, anamnong'oneza.) Ah. Wa kiume. Na mama yake? Mzima. (Meja anavua kofia, anakumbuka cheo, anaivaa tena.) Mama Kahambu, hongera. Kwa heshima ya siku hii, mtoto ataitwa Swadiki.

("Aksanti, afande. Lakini kwetu jina inafuata zamu ya kuzaliwa. Mwanaume wa kwanza anaitwaga Paluku. Jina yake ilikuwa tayari mbele wewe ufike.")

Hata jina limenipita! Haya, tumalize kwa nidhamu. Oparesheni Uharaka! (Idumu!) Sipidi ya serikali! (Idumu!) Kumpita afande! (Marufuku!)

Namshukuru mtoto Paluku, ambaye ripoti itamtaja kuwa mgonjwa wa kwanza kuhudumiwa na mradi huu. Na zaidi nawashukuru wahisani wetu wa ng'ambo walioleta landrova hii. Walisema ni ya wagonjwa, nami siku hiyo nilikuwa na mafua. Kwa hiyo hesabu yangu haikukosea popote: arobaini kutoa arobaini ni sifuri, na mtu anayelifukuza gari alilolipanda hatalipita hata akifika Mombasa. Asanteni sana. Sasa tawanyikeni, lakini taratibu, nyuma yangu.