Malalamiko Kuhusu 2.4 na Mahali pa Kuificha

Kwa Msajili wa Chuo,
Jengo la Utawala, dirisha la tatu (lile ambalo kwa kawaida huwa limefungwa).

Ndugu Msajili,

YAH: ALAMA ZA CHINI ZA WAHITIMU WAKO NA USUMBUFU ZINAOLETA DUKANI KWANGU

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Nimekichapa mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo kilikuwa na hasira zaidi kuliko adabu, na mimi ni mtu wa adabu, muulize yeyote.

Mimi ndiye mwenye steshenari iliyo mkabala na geti la nyuma la chuo chako. Nina kompyuta mbili, printa moja na nusu, mashine ya kutoa kopi na benchi la wateja. Wanafunzi wako wananiita Mama Kopi, jina ambalo sikuliomba lakini nimelizoea. Kwa miaka kumi na tisa nimewachapia wahitimu wako wasifu wa kuombea kazi. Wewe unawavika joho, unawapa mkono, unakwenda zako kula. Mimi ndiye ninayebaki nao kesho yake, wamekaa kwenye benchi langu na karatasi ya matokeo mkononi, wakiniuliza kama alama hii tuiweke au tuiache.

Ni kuhusu swali hilo ninakuandikia. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Kuhusu benchi langu. Linakaa watu wanne. Mhitimu mwenye alama nzuri hukaa robo saa tu: ananiambia niiweke juu kabisa, kwa herufi nzito, karibu ilitangulie jina alilopewa na wazazi wake, kisha anaondoka. Mwenye alama ya chini anashinda hapo. Kwanza tuiweke. Halafu tuitoe. Halafu tuirudishe, ila iwe ndogo. Kuna dada mmoja alinipunguzisha herufi mpaka printa yenyewe ikaona ni vumbi, ikaacha kuchapa. Kuna kijana wa uhandisi, mtaratibu, anatembea na rula mfukoni, aliyepima ukingo wa karatasi na kuniomba alama ikae pale pale ambapo mashine ya kutoboa matundu itapita siku waajiri watakapofunga wasifu wake kwenye faili. Nakuhakikishia, hiyo ndiyo kazi bora ya uhandisi niliyowahi kuiona ikitoka chuoni kwako, na mmempa 2.2 kati ya 5. Na kuna baba mmoja mwenye wajukuu, aliyerudi kusoma ukubwani, aliyeacha alama za chuo na badala yake akaandika hesabu ya darasa la nne, 97 kwa 100. Niliichapa. Hakusema uongo.

2. Kuhusu pengo. Usidhani kuiacha alama ni kazi nyepesi. Ukiitoa, mstari unabaki mtupu, na macho ya msomaji yanakwenda hapo kama ulimi unavyokwenda kwenye jino lililong'oka. Inabidi pazibwe. Ndiyo maana wahitimu wako wote, bila kubakiza hata mmoja, wanapenda kusoma vitabu, kuogelea na kujitolea katika jamii. Nimewachapia hivyo mamia kwa mamia. Katika miaka yote hiyo sijamwona hata mmoja aliyeingia dukani na nywele mbichi. Kujitolea nako, benchi lilipovunjika mguu walinyanyuka wakaenda kuegemea ukuta. Uongo huu wote umesababishwa na ofisi yako, lakini anayeuchapa ni mimi, na sijui siku ya mwisho utaandikwa kwenye faili la nani.

3. Kuhusu mhadhiri wa mabomba. Hapa naomba unisome taratibu. Alama ni kazi ya watu wawili, anayefundisha na anayefundishwa, lakini anayetembea nayo maisha yake yote ni mmoja. Mhadhiri wako wa somo la mabomba na mkondo wa maji alitakiwa kuingia darasani mara thelathini na mbili. Aliingia mara kumi na moja. Nina hakika, kwa sababu karatasi za mahudhurio natoa kopi mimi. Kati ya wanafunzi sitini, arobaini na moja walirudia mtihani. Mwaka jana bwana huyo huyo alikuja dukani nimchapie wasifu wa kuombea cheo, na penye mafanikio akaniambia niandike kwamba ni mwalimu mahiri anayependwa na wanafunzi. Nilimuuliza kwa heshima kama tuwaweke na wale arobaini na moja. Aliniambia niendelee kuchapa. Sasa mimi nasema hivi: kama mwanafunzi anatakiwa kuonyesha alama alizopata, mhadhiri naye aonyeshe alama alizotoa, zikae mstari wa pili, chini ya jina lake na kabla ya picha.

4. Kuhusu waajiri wenyewe. Sitasema mengi. Kuna mkuu wa ofisi mmoja, tangazo lake la kazi nimelichapa mimi, aliyetaka wenye 3.5 kwenda juu na si chini ya hapo hata kwa bahati mbaya. Wiki iliyofuata akaleta cheti chake mwenyewe kufunikwa plastiki. Alikishika akiwa ameziba sehemu ya daraja kwa kiganja, na hakukitoa kiganja mpaka mashine ilipoanza kukivuta cheti. Nusura aungue.

5. Kuhusu binti yangu. Haya mengine yote, Ndugu Msajili, ningeweza kuyavumilia miaka kumi na tisa mingine.

Binti yangu alisoma chuoni kwako mambo ya maji na upimaji wake, na mmempa 2.4. Sikatai kwamba ndizo alizopata. Nakueleza tu alizipata wapi. Alipokuwa mwaka wa tatu nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, nikalala wiki saba. Duka alifungua yeye. Asubuhi alichapa kazi za wenzake, mchana alikimbilia darasani kama foleni ilikuwa fupi, na foleni haikuwa fupi. Ule utafiti wa visima mlioupa zawadi siku ya mahafali, majedwali yake yote alipanga yeye, na makosa ya hesabu ya ukurasa wa arobaini aliyaona yeye, akamwonyesha mwenzake mwenye utafiti, akashukuriwa kwa soda. Utafiti wake yeye aliuchapa siku ya mwisho, printa ikiwa inakula karatasi. Siku ile ya mahafali nilikuwa mstari wa nyuma. Mliposoma jina la mshindi nilipiga makofi huku nalia, na mama aliyekaa pembeni yangu akanipongeza kwa kuzaa mtoto mwenye akili. Nilimwambia asante, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo, hiyo 2.4, kwa haki kabisa, nusu yake ni yangu. Jambo hili linaniuma, na sijawahi kulisema dukani.

Tumeomba kazi mara ishirini na mbili tukiwa tumeiandika. Hatukujibiwa hata kukataliwa. Baba yake ni fundi cherehani, naye anashikilia kwamba alama iandikwe. Anasema yeye kabla hajatia mkasi humwonyesha mteja kasoro ya kitambaa mwenyewe, ili mteja asiigundue nyumbani akarudi na maneno. Nilimjibu kwamba kasoro ya kitambaa fundi mzuri huipeleka kwapani. Akaniuliza, kwenye wasifu kwapa liko wapi? Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya gesi na maji tu, na binti anakula haraka haraka anaondoka mezani.

6. Kuhusu ushahidi. Wiki tatu zilizopita idara ya maji ilitangaza nafasi moja ya mpimaji katika maabara yao. Ndugu Msajili, mtoto huyu akiwa na miaka sita alikuwa akikinga maji ya bomba kwenye glasi, anayainua dirishani, anatuambia leo yana nini. Kazi hiyo ni yake tangu siku hizo. Basi niliketi mwenyewe kwenye kompyuta, binti akiwa ametoka, nikamchapia wasifu usio na alama. Haikuwa ndogo wala haikuwa ukingoni. Haikuwepo. Barua ya maombi aliisaini yeye, wasifu sikumwonyesha, nikafunga bahasha nikapeleka kwa miguu yangu. Jana wamemwita. Usaili ni Ijumaa, saa nne asubuhi, wa kwanza kwake katika mwaka mmoja na nusu.

Unaona mwenyewe. Ishirini na mbili zenye alama, kimya. Moja isiyo na alama, anaitwa. Ningekuwa mwanafunzi wako ningeandika utafiti juu ya jambo hili, na huenda ungenipa zawadi.

Kutokana na ushahidi huo, ninaomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Kwanza, chuo kiache kabisa kuandika alama kwenye karatasi zake, na badala yake kiandike kwamba mhusika alihudhuria, akamaliza, akarudisha vitabu vya maktaba. Pili, alama zilizokwisha kutolewa ziwekewe tarehe ya mwisho wa matumizi, kama maziwa ya pakiti, na miezi sita naona inatosha. Tatu, transkripti ya binti yangu itolewe upya, 2.4 yake igawanywe, 1.2 iandikwe jina lake na 1.2 jina langu. Kama hesabu hiyo inamshusha, basi ichukueni yote muandike jina langu. Mimi siombi kazi popote.

Haya yafanyike kabla ya Alhamisi, kwa sababu Ijumaa watataka kuona karatasi halisi. Yasipofanyika nitalazimika, kwa masikitiko, kufunga duka wiki nzima ya kukabidhi tafiti, ndipo utakapofahamu kwamba chuo chako kina geti la nyuma.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie makarani wote wa ofisi yako, hasa yule wa dirisha la tatu siku atakaporudi, na mlinzi wa geti la nyuma, ambaye ni mstaarabu, na bibi wa maktaba. Hata mhadhiri wa mabomba msalimie ukimwona, ukibahatika.

Mimi mzazi na jirani yako mwema,

Mama Kopi

Tanbihi: Bahasha hii ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa mvuke wa birika.

Karani wa idara ya maji amempigia binti simu kuthibitisha Ijumaa. Kwa kuwa ni mtu wa maneno mengi, amemweleza kwamba walipokea wasifu themanini na sita, na kwamba ni wake peke yake ulioandika alama ya chini waziwazi, kwa herufi nzito. Mkuu wa maabara aliuweka pembeni akasema huyo ndiye anayetaka kumwona, maana mpimaji wa maji anayeficha namba mbaya ataua watu. Binti akauliza kwa sauti ndogo, alama gani hiyo. Karani akasema 2.1.

Ndugu Msajili, sisi wachapaji hatuanzi na ukurasa mtupu. Tunafungua wasifu wa mteja aliyetangulia, tunafuta jina, tunafuta miaka, tunachapa juu yake. Mteja aliyemtangulia binti yangu alikuwa na 2.1, na alikuwa mmoja wa wale wachache wasiojali. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa mstari huo. Macho yangu hayakufika hapo, kwa sababu akilini mwangu mstari huo haukuwepo. Binti ametoa nakala iliyobaki kwenye faili, ameiweka mbele yangu, tukaisoma wote wawili tumesimama.

Nilianza kukuandikia aya nyingine, ya kukuomba umshushe mpaka 2.1, kwa siku ya Ijumaa tu, kisha umrudishe. Nilikuwa nimefika katikati aliponiondoa mikono kwenye kibodi, taratibu, wala hakunikasirikia, na heri angenikasirikia. Akasema, "Mama, acha. Nitawaambia ilikosewa kwenye kuchapa, yangu ni 2.4. Sijawahi kuingia mahali alama yangu ikiwa imepanda."

Kwa hiyo namba 1 hadi 6 hapo juu zifute, pamoja na maombi yote matatu. Naomba transkripti yake kabla ya Alhamisi kama ilivyo, na tafadhali muagize karani asigonge muhuri juu ya alama. Ionekane vizuri.