Mzee Sifuri na Nepi Isiyo na Pa Kwenda

Tulieni, enyi wenye masikio, nanyi mnaojifanya hamna! Tueni mizigo yenu, kohoeni sasa mkimaliza msikohoe tena, maana habari ninayoianza ni nzito na mimi si mtu wa kurudia. Wapo watakaowasimulia majemadari waliozingira miji, na wafalme waliovuka majangwa wakiufuata utukufu hadi ukawaua. Waacheni wasimulie. Mimi, mshika mzani wa kituo cha taka, nimeona kwa macho yangu haya jambo kubwa kuliko hayo yote: nimemwona mtu mzima mwenye mvi na cheo akiuzunguka mtaa na nepi ya mjukuu wake mkononi, akitafuta pa kuitupa.

Msicheke bado. Zamu ya kucheka itafika.

Jina lake la vita lilikuwa Mzee Sifuri. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, na hakuna aliyewahi kuliuliza. Yeye ndiye Mwangamiza Jalala, Mfukuza Nzi, Baba wa Mboji, mwanzilishi wa shirika letu lisilo la faida ambalo lengo lake, kama alivyolitangaza katika kila mkutano hata wa mazishi, ni kuufikisha mtaa kwenye taka sifuri. Nampa haki yake. Aliukuta mtaa unanuka na mtaro umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani na kuwatoa watu vitandani. Akawafundisha watu kuchambua: chupa gunia hili, makopo gunia lile, karatasi kule, maganda kwenye shimo la mboji. Leo mtaroni yanapita maji peke yake. Hilo nalisema bila kejeli, kwa kuwa godoro langu nalo liliwahi kulowa.

Lakini ushindi hulevya. Alipokwisha kuzishinda taka, shujaa wetu akatazama huku na huku akitafuta adui mwingine, asimwone, ndipo akatangaza vita na pipa. Akasema pipa ni udhuru, na kwamba mwenye kuweka pipa ameshaamua kutupa. Basi mapipa ya mtaa mzima yakakusanywa kwa vifijo na hotuba, yakajazwa udongo, yakapandwa maua. Pipa la kwanza kabisa, lile la kituo chetu, likasimamishwa getini na waridi jekundu ndani yake, na wageni wakawa wanapigwa picha kando yake kama vile wamekutana na balozi. Juu ya waridi, ukutani, Mzee akaandika kwa mkono wake na kwa rangi ya kijani sheria yetu kuu: ULICHOKUJA NACHO, ONDOKA NACHO. Tuliisifu sana. Tungefanyaje? Ilikuwa na vina.

Sasa kila shujaa ana pale panapomuuma, na huyu palipomuuma ni kwa binti yake wa pekee. Binti alipojifungua, baba akaenda wodini kumtazama. Watu wengine huenda na chupa ya chai na nguo za mtoto; yeye alikwenda na hotuba. Akasimama miguuni pa kitanda, akamweleza mzazi mwenye nyuzi mbichi jinsi nepi za kutupa za kiumbe kile kichanga, zikipangwa moja juu ya nyingine, zitakavyofika kimo cha paa kabla hajaota jino. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, maana alilelewa vizuri. Kisha akamwambia, "Baba, toka."

Akatoka. Tangu hapo hakumwona mjukuu ila kwenye simu za watu wengine. Mtoto akajifunza kukaa, akajifunza kutambaa, na babu akawa anaulizia habari zake kwa majirani huku akijifanya anaulizia makopo. Sisi tulijua. Tulimjibu habari za mtoto, kisha tukaongeza neno moja la makopo ili asione haya.

Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi, binti alipotokeza getini na mtoto kiunoni, kazi ya kituo kizima ilisimama. Wachambuzi wa taka walisimamisha mikono hewani. Mzee alivua miwani, akaivaa tena. Wakaamkiana kikavu, shikamoo na marahaba, kama watu walio kwenye foleni. Binti akasema hakai, anapita tu. Mtoto anaota meno, anataka kufika duka la dawa la barabara kuu, na jua ni kali, sijui kama baba anaweza kumshika kidogo. Sijui kama anaweza! Mikono ya Mzee ilikuwa imeshanyooshwa kabla sentensi haijafika katikati. Binti akaacha nepi moja safi na kitambaa chenye maji, akaenda zake bila kugeuka.

Mzee akanisogelea na mtoto kifuani, akashusha sauti. "Mshika mzani," aliniambia, "leo nisiharibu."

Nikamwambia hataharibu. Mtu husema hivyo.

Haikupita nusu saa, adui akashambulia kutoka ndani ya ngome. Uso wa mtoto ulikunjamana kwa fikra nzito, ukawiva, ukakunjuka ukiwa na amani kuu, na harufu ikatangulia kupeleka habari mpaka kwenye magunia ya chupa. Ewe kalamu, nisaidie kuieleza vita iliyopiganwa juu ya meza ya kuchambulia karatasi! Babu alikuwa hajawahi kubadilisha nepi maishani mwake, mke wake marehemu alizimaliza zote peke yake. Mtoto alipiga mateke kulia na kushoto, akakamata miwani, akatambaa nusu uchi juu ya magazeti ya mwaka jana. Jasho lilimtoka babu, kitambaa kikaisha maji, lakini hatimaye nepi safi ikavaliwa. Ilivaliwa mbele nyuma, ila ilivaliwa, na wachambuzi wakapiga makofi.

Makofi yakakatika ghafla. Mkononi mwa shujaa ilikuwa imebaki ile nyingine, imekunjwa, ina uzito, bado ina joto.

Ndugu zangu, kitu kile huitwa nepi ya kutupa. Walioitengeneza waliipa jina hilo kwa moyo safi. Hawakujua kwamba upo mtaa usio na pa kutupia. Si karatasi, ijapokuwa ina karatasi. Si plastiki, ijapokuwa ina plastiki. Kilichokuwa ndani yake kingekaribishwa kwenye mboji kama kingekuja peke yake. Nami, kwa upole wangu wote, nikamnyooshea Mzee kidole kwenye ule ukuta wa kijani, maana sheria haikuwa na utata: mwenye nepi akirudi, akabidhiwe nepi yake aende nayo.

"Nikimpa hii mkononi," alisema, "sitamwona tena." Na safari hii hakusema kwa sauti ya jukwaani.

Basi akaondoka kwenda vitani, mtoto mkono wa kulia, nepi mkono wa kushoto, na mimi nyuma yake, kwa sababu historia haijiandiki. Ngome ya kwanza ilikuwa palepale kituoni. Alipita karibu na gunia la plastiki laini akipiga mluzi, yeye ambaye hajawahi kupiga mluzi, na mkono wa kushoto ukaanza kushuka wenyewe. Lakini hapo alikaa Bibi Plastiki, mkuu wa wachambuzi, mwanamke ambaye huona kifuniko cha chupa akiwa amefumba macho. Akaufunika mdomo wa gunia kwa glavu zake zote mbili. Akamkumbusha, kwa heshima zote za duniani, kwamba kitu kimoja kichafu huharibu gunia zima, na kwamba maneno hayo hakuyatunga yeye; aliyafundishwa kwenye semina ya siku nzima, na aliyefundisha alikuwa amesimama mbele yake na nepi.

Ngome ya pili ilikuwa kwa kinyozi. Huyu alimkaribisha kiti kwa bashasha, akamwamkia mtoto, kisha akaona kilichokuja pamoja nao, akakivuta kiti nyuma taratibu. Pale ukutani, kati ya vioo, palikuwa na bango la shirika linalosema kwamba nyumba hii imeachana na pipa. Kinyozi akamsomea lote, polepole, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi iliyo chini, akauliza sahihi ile ni ya nani. Mzee akasema anaijua.

Ngome ya tatu, duka la kona. Pipa la duka lile lilikuwa lingali mlangoni, limejaa maua ya manjano, limependeza, halina faida yoyote. Mzee alilitazama kwa jicho ambalo mwenye duka alilielewa upesi, akatoka nje, akasimama kati yake na pipa.

"Mzee wangu," akasema, "ulikuja hapa na watu na kamera, ukaniambia niliage pipa langu mbele ya wateja. Nikaliaga. Nikalipungia mkono. Sasa leo unataka nini kwangu?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia. Mlango kwa mlango walimkataa watu wa mtaa, wote kwa adabu, wote kwa maneno yake mwenyewe, wengine wakiwa wameyahifadhi vizuri kuliko yeye. Sijapata kuona jeshi lililofunzwa vizuri namna ile, wala jemadari aliyelijutia hivyo.

Jua lilipokuwa limepanda, tukafika kidarajani, juu ya mtaro. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu. Maji yalikuwa yakienda zake chini, safi. Mzee akasimama. Mimi nikageuza mgongo, kama mwandishi mwenye busara anavyopaswa kufanya saa ambayo haifai kuandikwa, nikasubiri mlio wa kitu kinachoanguka majini.

Sikusikia mlio. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama palepale, mtoto amemlalia begani, nepi iko mkononi. Akaniambia nyumba za upande huu hazijaingia maji tangu mtaro uzibuliwe. Nikasema ndiyo. Akasema basi, turudi. Na mimi, ambaye nilikuwa nimecheka moyoni njia nzima, hapo nikaacha kucheka.

Binti alikuwa ameshafika, amesimama getini na dawa yake. Akamwona baba amelowa jasho, mtoto amevaa nepi mbele nyuma, na ile nyingine mkononi. Akasoma hali yote mara moja. Uso ukamkunjamana. Hakugomba, aliuangalia ukuta, akanyoosha mkono.

"Nipe, baba," akasema. "Niondoke nayo."

Mzee Sifuri akajinyoosha, akakohoa, akavuta pumzi ya hotuba. "Binti yangu," akaanza, "katika historia ndefu ya mapambano ya binadamu na uchafu wake..." Akaishia hapo. Nilimwona akitafuta sentensi inayofuata na kuiacha ipite. Akamkabidhi binti mtoto. Nepi hakumkabidhi. Aliiweka juu ya mzani wangu, akaliendea lile pipa la kwanza, pipa la picha na sherehe, akalikamata waridi shingoni kwa mikono mitupu, miiba na yote, akavuta. Lilikataa. Akavuta tena kwa magoti na mgongo, akiguna, mpaka likang'oka na mizizi yake, na Bibi Plastiki akalidaka akakimbia nalo kulitafutia maji. Mzee akalipindua pipa, udongo ukamwagika miguuni pa wageni wasiokuwapo, akaligonga kitako, akalisimamisha chini ya sheria yake mwenyewe. Kisha akaichukua nepi, akaitumbukiza. Ilianguka kwa kishindo kidogo, na wallahi sijasikia mzinga uliotikisa mtaa kuliko kishindo kile.

"Hii inakwenda jalala kuu," alisema, damu ikimtoka viganjani. "Haina njia nyingine. Ukija naye, ziache hapa. Nitazipeleka mwenyewe."

Binti alimpandisha mtoto kiunoni. "Mwezi uliopita nilifika hapa getini, baba," akasema. "Mtoto alikuwa amechafuka. Nikausoma ukuta, nikageuza."

Mzee aliyewahi kuwahutubia madiwani mpaka wakaomba chakula alisimama tu na mikono yake michafu, macho yanamlengalenga, na binti akamtazama muda mrefu.

Habari ya pipa ikapaa. Kwanza alikuja kinyozi, na mfuko wa nyembe alizokuwa akizificha nyuma ya kioo tangu bango lilipobandikwa. Akafuata mwenye duka na gunia alilolitoa uvunguni, akilibeba kifua mbele. Wakaja wengine, wameinamisha vichwa, kila mmoja na fundo lake, na ikadhihirika mchana kweupe kwamba ile sifuri yetu tukufu, iliyopewa vyeti ikapigiwa makofi, ilikuwa imelala chini ya vitanda vya watu miaka yote hiyo. Kabla ya adhuhuri pipa lilikuwa limefurika. Mzee alisimama kando yake akiwapokea mmoja mmoja kama mfiwa anayepewa pole.

Na binti, ambaye alisema hakai, aliivua ile nepi ya mbele nyuma akaivalisha upya, akamrudishia babu mjukuu wake, akavua viatu, akakaa juu ya magunia ya karatasi na kuuliza kama hapa kuna maji ya kunywa.

Andikeni basi, enyi mnaoandika habari za wakubwa! Andikeni kwamba katika mwaka huo, jemadari mmoja aling'oa ua akaweka pipa, na dunia haikuanguka. Andikeni pia lililofuata, maana ndilo kubwa zaidi: mtoto alimcheulia begani, maziwa yakashuka juu ya shati la shirika, juu ya nembo, na binti akainua macho akiingoja hotuba. Kituo kizima kiliingoja. Mzee Sifuri akalifuta bega kwa kiganja, akamhamishia mjukuu bega la pili, akanyamaza.