Chumba cha Saba na Maji Yanayokwenda Kitandani

Jumatatu, 6 Machi

Hoteli imefunguliwa juzi. Sisi tulioijenga bado tupo. Tumehamishiwa vyumba vya nyuma ya jenereta, ambako hata bahari haisikiki. Ninakaa na fundi bomba. Kila mtu anamwita Koki. Anakoroma kama mtu anayeburuta bati.

Leo Msimamizi ametukusanya. Amesema wiki hii wageni wa kwanza ndio wakaguzi wetu. Daftari la malalamiko liko mapokezi. Jumamosi saa sita mchana atalifungua. Jumapili mafundi wataenda likizo ya wiki tatu, lakini kila chumba cha nyuma ya jenereta kitatoa mtu mmoja tu, mwenye malalamiko machache. Yaani mimi au Koki.

Sijafika nyumbani mwaka na miezi saba. Mwanangu wa mwisho ananijua kwenye simu tu. Mke wangu anasema mtoto ameuliza kama huyo baba ana miguu, maana yeye huona kichwa peke yake.

Mabafu yote kumi na mawili nimetandika vigae mimi, kwa mikono hii. Kumi na moja sina wasiwasi nayo. Tatizo ni chumba cha saba. Siku ile jino lilikuwa linaniuma, nikavuta kamba ya kupimia upande usio wake. Sakafu imeinamia mlangoni badala ya kuinamia shimo la kutolea maji. Nilimwaga ndoo moja kujaribu. Maji yakapita kando ya shimo kama watu waliogombana wanavyopishana sokoni, yakavuka kizingiti, yakaenda kujilaza chini ya kitanda. Niliyafuta kwa shati langu. Sikumwambia mtu.

Dawa ni moja. Chumba cha saba kisipate mgeni mpaka Jumamosi.

Jumanne, 7 Machi

Nimeanza kwa elimu. Nimemuuliza dada wa mapokezi watu hupataje chumba. Nimesema shemeji yangu anataka kujua. Si uongo mtupu. Shemeji, kaka yake mke wangu, tangu asikie nipo hoteli ya ufukweni ananisumbua nimpe ushauri. Anadhani navaa tai.

Dada amenieleza vizuri sana. Mtu apige simu hotelini mwenyewe, asipitie kwa madalali. Aulize kama hiyo bahari inaonekana ukiwa umesimama sakafuni au mpaka upande kiti. Aulize jenereta iko wapi. Aulize chumba wanakishikilia mpaka saa ngapi kama hujalipa. Hapa kwetu, bila malipo ya awali, mwisho saa kumi na mbili jioni. Yote nimeyaandika kwenye mfuko wa saruji.

Nikaenda nyuma ya dobi, nikapiga simu kwa sauti nzito. Nimesema mimi ni daktari na ninataka namba saba, wiki nzima. Akauliza daktari wa nini. Nikasema wa vyote.

Saa kumi na mbili daktari hakutokea. Saa kumi na mbili na dakika tano bwana na bibi harusi wakapewa ufunguo wa saba. Kumbe ndicho chumba kilicho kwenye picha mtandaoni. Kila mtu anakitaka hichohicho.

Nikachukua sanduku la vifaa, mbio. Nimewaambia gundi ya vigae bado mbichi, inatoa moshi usioonekana, bora waoge baharini. Bibi harusi alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akamwambia mumewe yeye hakuolewa ili akaoge na samaki. Wakahamia chumba cha kumi. Nimekwenda kuchungulia daftari. Wamehama tu, hawakuandika neno. Safi.

Jumatano, 8 Machi

Asubuhi nimepiga tena, safari hii kama mchungaji. Dada wa mapokezi akasema mchungaji ana kikohozi kilekile cha daktari. Akasema kuanzia leo namba saba haishikiliwi bila malipo ya awali, hata akipiga malaika. Nikakata simu kwa heshima.

Mchana nimegundua Koki anafanya siasa. Anasimama karibu na ngazi na kuwaambia wageni waangalie wasiteleze, vigae vya hapa vimetandikwa na mtu mwenye haraka. Hivi ndivyo anavyolipa ukarimu wangu wa kumpisha upande wa dirisha.

Nami nikaenda kusimama getini. Kila mgeni anayeshuka garini nampa ushauri bure. Nimewaambia mgeni mwerevu hafungui begi kabla ya kukagua. Afungue bomba zote kwa pamoja, bafuni na kwenye sinki, avute choo mara tatu, asubiri maji ya moto huku akihesabu. Wamenishukuru sana. Mmoja aliniita mwalimu.

Familia nne zimefanya hivyo saa tisa alasiri kwa wakati mmoja. Tangi likaisha. Mzee mmoja akabaki na sabuni masikioni. Ameandika lalamiko la ukurasa mzima dhidi ya fundi bomba, na amechora picha.

Koki moja, mimi sifuri. Koki hazungumzi nami. Anajua kuna mkono wa mtu.

Kabla sijakaa kufurahi, Shemeji akapiga. Anamleta mama yao kesho, akae mpaka Jumamosi, daktari amesema hewa ya bahari itamfaa magoti. Amchukulie chumba gani? Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Mama mkwe! Mtu wa heshima zake. Hajawahi kunung'unika mbele ya wageni. Hata siku ya harusi yetu, hema lilipomwangukia, alisema hewa imekuwa nzuri. Chumba cha saba kitakuwa na mgeni, na mgeni atakuwa kimya kwa ajili yangu.

Nimemwambia Shemeji achukue saba, alipe yote leo. Amesema kumbe na mimi nina faida. Hiyo ni sifa ya kwanza kutoka kwake tangu nimuoe dada yake.

Alhamisi, 9 Machi

Mama mkwe amefika. Shemeji amenikuta na ovaroli yenye saruji. Akauliza tai nimeiacha wapi. Nikasema ipo dobi. Akageuza gari akaondoka.

Sasa nimeona shimo katika mpango wangu. Lazima mtu amwambie mama asimwage maji mengi. Lakini mwanamume anamwambiaje mama mkwe wake habari za kuoga? Ataanzia wapi? Nilisimama nje ya mlango wa saba nusu saa nikitazama viatu vyangu. Mama akatoka, akauliza, "Baba, umepotelewa na kitu?" Nikasema, mama, maji ya huku yana chumvi kidogo, watu hawayatumii sana. Akafurahi. Akasema chumvi ndiyo dawa yenyewe ya magoti, basi ataoga mara tatu kwa siku.

Nimekwenda kukaa kwenye ndoo.

Koki kabeba begi la mama mkwe mpaka ndani. Hakuna aliyemtuma. Anamwita mama yetu. Amemwambia, kwa upole wa paka aliyeona samaki, kwamba kama bafu lina kasoro yoyote, hata ndogo, asione haya, kuna daftari, na kama macho yanamsumbua yeye Koki atamwandikia. Mama akasema mbona kijana huyu ana malezi mazuri, ni rafiki yangu? Nikasema ndiyo. Meno yangu yote yaliuma, si lile moja tu.

Ijumaa, 10 Machi

Saa nne asubuhi mama mkwe amekuja mapokezi kwa hatua zake ndogondogo. Walikuwepo Meneja, Msimamizi, dada wa mapokezi, Koki, na wageni wanne na masanduku yao. Mimi nilikuwa nyuma ya ua la plastiki.

Mama akasema ana neno kuhusu bafu la namba saba. Koki alikuwa amefungua daftari kabla hajamaliza. Kalamu aliitoa sikioni.

Nikaona likizo yangu inapanda basi bila mimi.

Mama akasema, "Wanangu, mimi nina miaka sita siwezi kuinama. Leo nimefungulia maji ya uvuguvugu nikaenda kukaa kitandani kupumzika kidogo kwanza. Yakanifuata. Yakanikuta nilipo, yakaniosha miguu, sikuinama hata kidogo. Hoteli nimelala mbili tatu, lakini ya kuleta maji ya miguu kitandani ni hii peke yake. Aliyebuni jambo hili Mungu amzidishie. Ni nani?"

Koki na kalamu yake juu juu.

Hapo mtu mwenye akili angebaki nyuma ya ua. Mimi nikatoka, nikasema ni mimi.

Meneja akaenda kujionea. Amerudi na suruali iliyolowa hadi vifundoni na uso wa mtu anayewaza mambo makubwa. Mgeni mmoja mwenye bakora akauliza kama chumba chake kina huduma hiyo, na kama hakina, kwa nini. Mwingine akasema yeye pia ana magoti. Basi nikaeleza. Nimesema mwinamo ule unataka hesabu, ukikosea kidogo tu maji yanakwenda shimoni kama ya watu wa kawaida. Nimesema nililala siku tatu nikiufikiria. Ulimi ulikuwa unakwenda wenyewe.

Koki amelazimika kuandika sifa zile zote daftarini kwa mkono wake, mama akimsomea. Alipomaliza, mama akamwambia aongeze kwamba zulia nalo limeloa vizuri.

Jumamosi, 11 Machi

Nimefunga begi toka alfajiri. Saa sita kamili Msimamizi akafungua daftari. Koki lalamiko moja. Mimi sina. Nikanyanyuka kupokea karatasi ya likizo.

Akasema nikae.

Meneja anataka mabafu yote kumi na moja yaliyobaki yavunjwe na kutandikwa upya kama la saba, kabla msimu wa wageni haujaanza. Fundi anayejua mwinamo ule ni mmoja tu duniani. Likizo yangu imesogezwa miezi mitatu. Kwa kuwa chumba chetu lazima kitoe mtu, atakwenda Koki.

Nikakiri. Nimesema mbele yao kwamba lilikuwa ni kosa, kwamba jino liliniuma, kwamba nilivuta kamba upande usio wake. Msimamizi akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mafundi wakubwa wote huwa hivi, hawapendi kusifiwa. Meneja akanipa mkono.

Shemeji kaja kumchukua mama. Kabla ya kuondoka mama aliniamuru nisimame mbali, kule kwenye ukuta, akanipiga picha nzima kwa simu yake. Akasema mtoto lazima amwone baba yake mpaka chini. Nilijifanya saruji imeniingia machoni.

Jioni mke wangu amepiga. Mtoto ameiona picha. Amesema miguu ipo, ila ni myembamba, na anataka kuiona ikitembea. Nimemwambia mama yake kazi imeniongezea cheo. Akasema cheo nikivae basi, kitanipikia.

Jumatano, 15 Machi

Koki aliondoka Jumapili. Aliniachia mto wake na ushauri kwamba nisilale upande wa dirisha, kuna upepo.

Nimemaliza chumba cha nane. Nilifanya kila kitu kama siku ile. Kamba nimevuta upande usio wake. Pimamaji sikuitazama. Hata jino nimelibonyeza kwa kidole mpaka likauma kweli. Asubuhi hii vigae vilikuwa vimeshika, nikafunga mlango, nikamwaga ndoo.

Maji yameingia shimoni. Yote, mpaka tone la mwisho, bila hata kugusa kizingiti. Sijawahi kutandika sakafu nzuri kama hii maishani mwangu.

Sijamwambia mtu. Meneja amekuja na wageni wawili wenye bakora, anataka kuwaonyesha. Nimewazuia mlangoni. Nimesema mwinamo wa namna hii lazima ulale siku saba kwanza, usisumbuliwe, ndipo ujue kitanda kiko wapi.