Sita Yanyooke, Mawili Yatetemeke

Jumatatu, 4 Machi

Nimetukanwa leo. Tena kwa upole, na hilo ndilo linaloniwasha zaidi.

Mazoezi yalianza saa kumi na moja jioni kwenye stoo iliyo nyuma ya duka la matairi, kama kawaida. Tulikuwa tunamalizia ule wimbo wa taratibu ambao Jumamosi tunaingia nao studio. Nikafika kwenye neno la mwisho. Nikalishika, nikalitetemesha. Lo! Mpaka magoti yalikuwa yanaimba. Kiongozi wetu, mpiga drams, akaweka vijiti vyake kitini na kusema kwamba nimetetemesha tangu neno la kwanza, na sasa masikio yake yamechoka. Akaeleza mbele ya wote kuwa mwimbaji wa roki huiacha sauti inyooke, anamfanya msikilizaji asubiri, ndipo mwishoni kabisa anailegeza kidogo. Neno la mwisho lina mapigo manane. Sita yanyooke, mawili yatetemeke. Basi.

Ananieleza mimi! Mimi niliyeianzisha hii bendi miaka tisa iliyopita! Jina lililo kwenye ngoma kubwa nimelipaka mwenyewe kwa brashi.

Halafu likaja lenyewe. Jumamosi tutarekodi mara mbili, mara moja nikiimba mimi, mara moja akiimba Msumari. Itakayokuwa bora ndiyo itakayotoka, na mwenye sauti hiyo ndiye atakayesimama mbele kuanzia hapo. Msumari ni binti wa duka la miwani la ng'ambo ya barabara, na mwenyewe huvaa miwani. Amejiunga nasi mwezi uliopita kuitikia tu. Tunamwita hivyo kwa sababu sauti yake imenyooka, huipindi hata kwa nyundo. Kutetemesha hajui kabisa.

Kwa hiyo yeye ana mapigo sita, mimi nina mawili. Kihesabu nimezidiwa.

Shemeji, mpiga gitaa wetu, muda wote huo alikuwa anakaza nyuzi. Amemuoa dada yangu, naishi kwake, na hakunitetea hata kwa kikohozi. Chakula cha jioni nimekula nimesimama.

Jumanne, 5 Machi

Sikutulia dakika moja. Kazini kwangu ni kwa dobi, na leo nimemfungia mteja mmoja suruali ya mteja mwingine, halafu nikamkimbiza barabarani kumnyang'anya.

Nikiwa kwenye mbio hizo, wazo likaja. Mtetemo hutoka tumboni. Tumbo likifungwa, sauti itanyooka yenyewe. Rahisi hivyo! Na watu wanapoteza miaka kwa walimu. Mchana nilikimbia nyumbani nikachukua mkanda mpana wa dada, ule aliojifunga kukaza tumbo baada ya kujifungua. Nikajibana nao nyuma ya mashine za kukaushia, mpaka kulabu ya mwisho. Nikaimba.

Ikanyooka kweli. Ikanyooka kwa pigo moja na nusu, kisha nikaona nyota.

Nilipozinduka nilikuwa nimekumbatia gauni la bibi harusi, na Mpiga Pasi ananipepea kwa kifuniko cha boksi. Huyu ni mzee wa maneno machache, tuko naye hapo miaka kumi na moja. Aliuliza kama gauni liko salama. Liko salama. Kuhusu mimi hakuuliza.

Dada ameuona mkanda wake umefumuka. Amesema kama nina tumbo la kuficha, nipunguze kula. Nimemwambia hayo ni mambo ya sanaa na hawezi kuyaelewa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na akili mpya. Kwa nini nihangaike kujinyoosha mimi, wakati naweza kumpinda yeye?

Bahati ikamleta mwenyewe. Saa nne Msumari aliingia kuchukua makoti yake meupe ya kazini. Nikampokea kwa tabasamu la kaka mkubwa. Nikamwambia nimemwonea huruma, Jumamosi asije akaumbuka, nitamfundisha kutetemesha bure. Akafurahi, maskini. Akaniita kaka mara tatu kabla hata sijaanza.

Akauliza mtetemo unaanzia wapi. Nikamjibu unaanza mwanzoni, hapo hapo, na hauachi mpaka pumzi ikuishie. Akataka kujua mbona Kiongozi anasema sita na mawili. Nikamwambia Kiongozi anawapima watu tu, wenye akili hawamsikilizi. Kisha nikamwonyesha. Mapigo manane ya mtetemo mtupu! Henga za kutundikia nguo ziligongana juu yetu, au ilikuwa feni, sina hakika.

Halafu, ili ajue la kuepuka, nikamwigizia vile Kiongozi anavyotaka. Kwa kejeli kabisa. Nikasimama kama nguzo, mikono mfukoni, nikaiachia sauti iende bila kuigusa. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mwishoni nikailegeza kidogo tu, kama mtu asiyejali. Nikacheka.

Hakucheka mtu. Mpiga Pasi alikuwa amesimamisha pasi hewani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema hiyo ya pili niirudie. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mtaalamu wa mikunjo, mambo ya muziki atuachie sisi.

Msumari aliondoka na makoti yake begani, midomo inachezacheza, anahesabu kwa vidole. Ameingia mtegoni mzima mzima. Jioni nimeenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi mara mbili kwa furaha tu.

Alhamisi, 7 Machi

Usione mtu amevaa miwani ukadhani haoni!

Kwenye mazoezi alitangulia yeye. Nikakaa mbele ili nione vizuri anavyoanguka. Pigo la kwanza likanyooka. Nikadhani amechelewa kuanza. La pili, la tatu. La sita bado! Nikasimama. La saba likalegea polepole, la nane likatetemeka kidogo na kukata. Ile ile yangu! Kejeli yangu mwenyewe, mpaka na mikono mfukoni.

Kiongozi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliuliza amejifunzia wapi. Binti wa watu akaninyooshea kidole, akasema ni kaka ndiye aliyemfundisha. Kiongozi akaja mpaka nilipo na kunipa mkono. Nikaupokea. Ningefanyaje?

Zamu yangu nikaimba kwa hasira, na hasira nayo hutetemesha. Kiongozi akahesabu mpaka nane, kisha akaanza kufuta matoazi yake ambayo hayakuwa na vumbi.

Nje nilimuuliza Msumari mbona hakufuata nilichomwelekeza. Akanijibu bila hila yoyote usoni.

"Kaka, ulinionyesha mbili. Nilichukua ile iliyonisisimua."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba adui naye atakuja na ndoo kuchota maji.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeipata! Na hii ni halali!

Kinachonishinda ni yale sita. Basi yaondolewe. Shemeji ndiye anayefunga wimbo: gitaa lake likikata, bendi yote inanyamaza. Akikata mapema, neno la mwisho litabaki na mapigo mawili tu. Na mawili ya mwisho, kwa sheria ya Kiongozi mwenyewe, ni ya kutetemeka. Nitakuwa sijavunja kitu.

Nilimfuata Shemeji asubuhi akinyoa ndevu. Akasema huo si uungwana. Nikamkumbusha jaketi lake la ngozi, lile lenye doa la rangi tangu mwaka juzi, ambalo dada amelipiga marufuku sebuleni. Nikasema mimi ni mtu wa dobi, madoa ni jamaa zangu. Akamaliza shavu la pili. Kisha akauliza ishara itakuwa nini.

Nitashika sikio la kushoto.

Jaketi limenilia mchana kutwa, lakini limetoka kama jipya. Mpiga Pasi aliuliza kama niko tayari kwa kesho. Nikamwambia sijawahi kuwa tayari kama leo. Kisha nikalitundika jaketi likiwa limegeuzwa ndani nje.

Tangu Jumatatu sijakaa kitini dakika tano. Naandika haya nikiwa nimeegemea friji. Katika hii bendi sijawahi kusimama popote isipokuwa mbele. Sijui anayesimama nyuma anashika nini kwa mikono yake. Naogopa, na sitaki mtu ajue.

Jumamosi, 9 Machi

Sina hamu.

Studio ni chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, na fundi mitambo anakutazama kwa nyuma ya kioo kama samaki wa dukani. Msumari alianza. Mimi nilisimama karibu na mlango, nikihama mguu huu kwenda huu. Akafika kwenye neno la mwisho, na hapo hapo jasho likaniteremkia nyuma ya sikio. Nikalifuta.

Sikio la kushoto.

Shemeji ni mtu wa ahadi. Akakata gitaa kwenye pigo la pili! Besi ikanyamaza, drams zikanyamaza. Msumari hakunyamaza. Bila gitaa, bila ngoma, peke yake katikati ya magodoro, akaendelea na ile sauti yake mpaka la sita, akailegeza, akaitetemesha mapigo mawili, akamaliza. Hata mimi nilisahau kupumua. Fundi mitambo akasema kwenye spika kwamba hiyo hairudiwi, ikirudiwa itaharibika.

Kiongozi alimtazama Shemeji kwa muda mrefu. Shemeji uso ukamwiva kama taa ya kurekodia.

Ikaja zamu yangu. Nikaimba, nikafika mwisho, nikashika sikio. Shemeji hakunitazama. Nikalishika tena. Nikalivuta! Mtu ameinamia gitaa kama ameangusha sindano ndani yake. Na mimi nilikuwa nimevuta pumzi ya mapigo mawili tu. Mawili yakapita. Nikaendelea kutikisa, la tatu, la nne, na kwenye la tano pumzi ikakata. Mapigo matatu yakaenda bila mtu. Niliyahesabu yote matatu.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Kiongozi akanivuta pembeni na kusema kwa sauti ya chini.

"Ndugu yangu, sauti unayo. Unaogopa tu kuiacha wazi, watu wakaiona ilivyo."

Iliniuma, na kilichoniuma ni kwamba alisema kama rafiki.

Kisha akaniomba nimwekee Msumari sauti ya chini, juu ya ile ile aliyokwisha kurekodi. Mapigo sita tu, halafu ninyamaze, mawili nimwachie yeye. Mimi! Nimwachie mawili yangu! Nikanuna. Nikasimama mbele ya kipaza sauti nikaamua kuwakomoa: mtetemo wangu hawaupati hata chembe. Nikatoa sauti kavu, tupu, mapigo sita, nikafunga mdomo. Fundi mitambo akaninyooshea dole gumba. Hajui kwamba alikuwa anaadhibiwa.

Jumapili, 10 Machi

Mchana Shemeji alipiga rekodi yetu sebuleni, amevaa jaketi lake. Dada alikuwa anakunja nguo za mtoto. Kwenye maneno ya mwanzo aliendelea kukunja. Wimbo ulipofika neno la mwisho akaacha, soksi moja mkononi. Akasikiliza mpaka kimya chenyewe kikaisha, akamwomba mumewe arudishe. Macho yalikuwa yamemlowa. Dada yangu, ambaye tukiwa watoto alivunjika mkono akamaliza kwanza kunipiga!

"Huyu wa kike anajua," alisema. "Lakini huyu wa chini ni nani? Mwambieni asiondoke kwenye bendi yenu."

Ameishi na mimi miaka thelathini na moja, hakunitambua. Shemeji akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Nilienda jikoni. Nikafungua bomba, nikalifunga. Nikatoka nje, nikarudi, nikasahau nilichofuata. Kuna mtu amelia kwa ajili ya sauti yangu, tena mtu wa damu yangu, asiyeujua uongo wa kunifurahisha. Kwa miaka tisa nimekuwa nikilitafuta hilo jukwaani, nikilipata kwa nadra na kwa wageni tu. Nilifurahi mpaka kifua kikauma.

Nimetafakari jioni yote, nikizunguka meza, na sasa jambo liko wazi kabisa. Sijui nilikuwa kipofu kiasi gani. Ikiwa dada amelia kwa sauti kavu niliyoitoa kwa kununa, bila pambo lolote, watu watafanya nini wakiisikia imepambwa?

Jumamosi ijayo tunapiga ukumbini, viti mia mbili. Msumari atakuwa mbele, mimi nyuma yake kwenye sauti ya chini. Kiongozi amesharidhika nami, amenitumia ujumbe wa pongezi. Sijamwambia yeyote. Yale sita nitayatetemesha yote, kwa nguvu, na yale mawili nitamsaidia.